Rimu na rangi kwa Corolla ya mzee

Swali, Mikindani:
Waungwana, baba yangu, mwalimu mstaafu, ana Corolla AE100 iliyoliwa na chumvi ya bahari hata rangi ya mlangoni inabanduka kwa ukucha. Naomba ushauri wa rimu na rangi zitakazomstahi.

Jibu, Shangani:
Ndugu yangu, gari hilo lina nati nne katika duara la milimita 100. Mchukulie rimu za aloi za inchi 14, kwani kubwa zaidi, zenye matairi ya ukuta mfupi, zitamtesa mgongo. Kutu ikwanguliwe mpaka bati ling'ae, ipigwe praima, yaani rangi ya chini, ndipo rangi yenyewe.

Jibu, Lindi:
Kijani kizito kingempendeza, ila rangi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari nayo irekebishwe TRA, mamlaka ya mapato. Mwulize mwenyewe kwanza.

Muulizaji:
Nimemwuliza. Anataka nyeupe yake ileile.