Wenye MGB na vigari vya Kiingereza vya zamani, mnapendea nini? Tupeane uzoefu

Mwana_Reading: Wakuu, kwema? Jana nimepishana na MGB nyekundu, kile kigari cha wazi cha Kiingereza, turubai limekunjwa, mzee na bibi yake wanacheka peke yao. Usiku kucha nimeshinda kwenye matangazo ya mauzo. Injini lita 1.8, nguvu za farasi 95 tu! Gari ya shemeji ya kupelekea watoto shule inaiacha. Mnaozimiliki, utamu uko wapi?

KaburetaMbili: Umeshakwisha mkuu. Unakaa chini, makalio karibu na lami. Maili 50 kwa saa unajiona unapaa, na polisi hana habari nawe.

BintiMvita: Kweli tupu 😂

Mkwe_wa_Moro: Umenikumbusha barabara ya A34 huku Uingereza. Baba mkwe kaja kututembelea kutoka Morogoro, nikasema nimuonjeshe raha. Yangu ya 1964. Giza, mvua, malori ya Southampton yanapita kwa fujo. Gari ikakohoa, ikazima, nikaiacha iserereke hadi kwenye maegesho ya kando. Na ni wapi? Nje ya Abingdon, ilikozaliwa, kiwanda chenyewe kilifungwa 1980! Pampu ya mafuta ile ya umeme, SU, imekaa chini mbele ya gurudumu la nyuma la KULIA. Na huku tunapita kushoto. Ukilala kuitazama, malori yanakupita miguuni. Turubai linavuja, maji yanamdondokea mzee kwenye kofia, mimi nahangaika na simu niite wa kutuvuta. Mzee kimya. Mara akauliza, "Hiyo pampu ina platini?" Nikasema inazo, baba (vile vidude vya kugusana vinavyokata na kuunga umeme). Akavua kiatu, akashuka na suti yake, akalala kwenye tope, akaigonga kwa kisigino. Tik-tik-tik-tik! Kumbe ujanani aliendesha malori ya ushirika. Siku hizi akipiga simu hamuulizi binti yake, anauliza pampu.

Pwagu77: Suti, tope, kisigino... chai hii.

Mkwe_wa_Moro: Chai ya nini? Njoo nyumbani uoneshwe kiatu.

BintiMvita: Baba mkwe apewe funguo jamani.

Pwagu77: Mwenye uzi, nunua Mazda MX-5 ulale usingizi.

KaburetaMbili: Hao Wajapani mwaka 1989 walikuwa wanamtazama nani kama si Lotus Elan ya Kiingereza? MX-5 gari nzuri, haina visa. Utamsimulia nani kwamba iliwaka?

Chrome_Damu: Ila mkuu usichukue ya bampa za mpira, za kuanzia 1974. Sheria za Marekani ziliwafanya wainyanyue juu, kwenye kona inalala.

Fundi_Coventry: Acha kutisha watu. Yangu ni ya bampa za mpira, nimeishusha, bei nilinunua nusu ya hizo za kwenu za bampa za kromu za kujipodolea.

Chrome_Damu: Nusu ya bei, nusu ya gari.

Nai_254: Huku Nairobi ukitaka kuziona zimeng'arishwa mpaka chini, njoo Concours, mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse. Majaji wanapekua hadi uvunguni.

Fundi_Coventry: Mwenye uzi, rangi isikudanganye. Beba sumaku, ipitishe chini ya milango yote miwili. Isiposhika hapo kuna puti, na MGB haina chesisi, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Ikiwa imeoza kabisa, bodi mpya zinatengenezwa tangu 1988. Spea zipo tele. Na ikishapita miaka 40 hulipi kodi ya barabara.

KaburetaMbili: Kabla ya 1967 waya chanya ya betri ndiyo inaingia kwenye bodi. Ukichomeka redio ya kisasa kichwa kichwa, utanusa moshi.

Mwana_Reading: Oili je? Kila tangazo linasema "inavuja kidogo".

Chrome_Damu: Ikiacha kuvuja, ongeza. Imeisha.

Fundi_Coventry: Na pampu weka ya kielektroniki, isiyo na platini.

KaburetaMbili: Usithubutu! Safisha platini, inatosha.

Mkwe_wa_Moro: Mzee anasema iacheni kama ilivyo, ila mtembee na kiatu kigumu.

Pwagu77: Raba haifai?