Nianzie wapi kufanya kazi na vikundi vya wamama huku Kisumu?

mgeni_nyalenda: Hamjambo watu wangu, nimemaliza diploma ya maendeleo ya jamii nikapata kakibarua ka kusaidia vikundi vitatu huku Nyalenda, sasa shida ni nikisimama mbele ya wamama naongea kama kitabu, jana nimepiga nusu saa nikieleza "malengo" mama mmoja akaniuliza mtoto wangu, umekunywa chai kweli? Wote wakacheka. Kuna kozi naweza fanya?

upepo_wa_dunga: Hahaha huyo mama amekusaidia. Kozi baadaye, kwanza enda mkutano ukae nyuma bila kalamu, uangalie nani akinyamaza wengine pia wananyamaza, mara nyingi si mwenyekiti. Huyo ndiye wa kuongea naye. Na Dholuo yako iko aje?

mweka_hazina: Mimi nitasema hesabu. Pesa ihesabiwe kwa sauti, mezani, kila mtu akiona, ndio iingie kwa sanduku. Sisi tulipoteza wanachama sita juu mtu wa mradi alikuwa anajazia leja kwake nyumbani, hata hakuiba, lakini nani atakuamini? Halafu soma ile sheria ya usajili wa vikundi ya 2022, lazima muwe angalau 10, unaeza kuta watu wanafunga safari ya kwenda kusajili kikundi wakiwa saba, nauli imeenda bure.

mgeni_nyalenda: Asanteni sana. Dholuo yangu ni ya kuomba maji tu, mimi wa Kakamega 😂 Alhamisi nakaa nyuma.