Kizuizi cha CD73 hakirudishi seli T kwenye majaribio ya CLL: tatizo ni nini?

Limfo_86
Wakuu, naomba msaada. Seli za lukemia sugu ya limfosaiti (CLL) na seli T ziko pamoja, idadi sawa, kwenye sahani ya visima 96, kwenye RPMI (kimiminika cha kukuzia seli) yenye seramu ya ndama asilimia 10. Seli T zimeamshwa kwa shanga za CD3/CD28. Nikiweka ATP milimola 1, seli T zinaacha kugawanyika. Nilitarajia kimeng'enya CD39 kikate ATP hadi AMP, na kimeng'enya CD73 kimalizie kwa kutoa adenosini, inayotuliza seli T. Lakini APCP, kizuizi cha CD73, mikromola 10 haibadilishi kitu. Ina maana CD73 haihusiki?

Kimeng'enya
Usiitoe CD73 hatiani bado, piga hesabu kwanza. APCP inagombea nafasi ileile na AMP kwenye CD73. ATP yako ikikatwa yote, una AMP milimola 1, mara 100 ya kizuizi. Hata kikizuia sehemu kubwa, adenosini itakayoponyoka kwa siku tatu inatosha, maana A2A, kipokezi cha adenosini kwenye seli T, huihisi ikiwa chini ya mikromola 1.

Halafu ATP nyingi hivyo hufungua P2X7, kipokezi cha ATP, na kuua seli. Zipake 7-AAD, rangi inayoonyesha seli zilizokufa, kabla ya kusoma mgawanyiko, kwa sababu seli iliyokufa haigawanyiki na kwenye grafu inafanana kabisa na iliyotulizwa.

Shusha ATP iwe mikromola 50, APCP ipande hadi 100. Weka na kisima chenye ZM241385, kizuizi cha A2A. Seli T zikirudi kwa ZM241385 lakini si kwa APCP, adenosini ipo ila inatoka mlango mwingine.

Saito_Dar
Mlango huo huenda ni fosfatesi alkali, kimeng'enya kingine kinachokata AMP bila CD73. Vimeng'enya CD38 na CD203a navyo vikishirikiana huanzia kwenye NAD, si ATP, lakini huishia kwenye AMP, kwa hiyo bado vinahitaji CD73 au fosfatesi alkali kumalizia. Lakini kabla ya hapo, je, CD73 ipo kwenye seli hizo? CLL nyingi zina CD39 tele na CD73 kidogo. Pima zote mbili kwa saitometria, ukizitenganisha seli za CD19 (za CLL) na za CD8 (kundi la seli T), kwani CD8 changa zina CD73 yao wenyewe. Huenda CLL inatoa AMP tu, na seli T inajinyonga yenyewe.

Seramu nayo ina adenosini diaminesi, inayogeuza adenosini kuwa inosini. Kuipasha nyuzi 56 kwa dakika 30 kunalenga komplementi (protini za kinga za seramu), usikutegemee kwa hili. Tumia EHNA, kizuizi cha diaminesi hiyo, mikromola 10, au kimiminika cha kukuzia kisicho na seramu.

Limfo_86
Asanteni. Nataka kupima fosfeti inayotoka ATP ikikatwa, kwa malakaiti kijani (rangi inayogeuka kijani ikikutana na fosfeti), kuona CD39 inavyofanya kazi. Naweza kupimia humohumo kwenye RPMI?

Kimeng'enya
Hapana. RPMI ina fosfeti ya milimola 5 na ushee, kila kisima kitakuwa kijani kabla hujaanza. PBS, maji ya chumvi yenye fosfeti, ni hivyohivyo. Osha seli mara tatu kwa HEPES milimola 20, NaCl 140, KCl 5, glukosi 10, CaCl₂ 2 na MgCl₂ 1, pH 7.4. Seli 50,000 kwa kisima, ATP mikromola 100, dakika 20 kwa nyuzi 37, kisha soma nanomita 630. Usiguse EDTA, hunyakua kalsiamu na magnesiamu: CD39 bila kalsiamu au magnesiamu haifanyi kazi. Na kisima cha seli bila ATP ni lazima, kwani zilizopasuka huvujisha fosfeti.