Tupeane uzoefu: uliyeishi Marekani bila karatasi, ulikuwa jimbo gani na hali ilikuwaje?

Mzawa wa Kurasini
Wakuu salaam. Jana nimebishana na shemeji yangu aliyeko Maryland. Anasema Marekani ni ileile, ukikosa karatasi umekosa, uwe wapi uwe wapi. Nimekataa. Makadirio ya taasisi ya utafiti ya Pew Research Center kwa mwaka 2023 ni watu milioni 14 wasio na vibali nchi nzima. California milioni 2.3, Texas milioni 2.1, Florida milioni 1.6, halafu West Virginia na Vermont ni elfu chache tu. Mimi nimepita majimbo mawili. Texas nilikuwa naendesha gari roho mkononi. Nikahamia jimbo la Washington, huko tangu 1993 hawakuulizi habari za uhamiaji unapoomba leseni ya udereva, nikapata yangu kama mtu mwingine yeyote. Nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Aliyepitia aseme: nini kilikubana na nini kilikuokoa?

Chota Maji
Nafuatilia kwa karibu.

Mkamba wa Wichita
Kansas hapa. Watu wakisikia "bila karatasi" wanawaza jangwa la mpaka wa Mexico. Wakenya wengi ninaowajua tulishuka uwanja wa ndege na barua ya chuo mkononi. Ada ikatushinda, darasa likaachwa, viza ikafa. Leseni hakuna kwa mtu kama mimi, na basi ukilikosa umekosa kazi. Tulikuwa tunapanda gari la mmoja mwenye grinikadi, watano, kwenda na kurudi nyumba ya wazee. Akiugua yeye, sote hatuendi kazini.

Dada Pili
Sikutaka kuchangia, ila hiyo habari ya leseni imenigusa penyewe.

Nilikuwa Georgia, mji mdogo nje ya Atlanta. Nilikuwa nahudumia wazee usiku, natoka alfajiri, nakimbilia nyumbani kumwandaa mwanangu basi la shule lisimwache. Dada niliyekuwa naishi naye alikuwa anaondoka kazini mapema, kwa hiyo dakika zangu zilikuwa za kuhesabu. Leseni yangu ilikuwa imekufa pamoja na kibali cha kukaa, maana kule wanavifunga pamoja.

Asubuhi hiyo taa ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa imeungua na sikujua. Nikaona vimulimuli vya bluu kwenye kioo. Polisi mwenyewe kijana, mpole kabisa. Akaomba leseni, nikampa pasipoti ya Tanzania. Akafunua hadi kwenye viza, akaitazama muda mrefu, akarudi kwenye gari lake. Aliporudi alishika pingu. Nikamwambia nina mtoto nyumbani, akaniruhusu nipige simu moja. Nikampigia jirani, mama wa Kimexico ambaye tulikuwa tunasalimiana kwenye ngazi tu. Kiingereza chake kidogo na changu kilinikauka. Nikasema: mtoto, shule, tafadhali. Akaelewa.

Nimeingia mahabusu na sare ya kazi, mfukoni bado kuna glavu. Wakachukua kamba za viatu, wakachukua alama za vidole. Huko Georgia kuendesha bila leseni wanaweza kukuweka ndani, na alama zako zikishaingia kwenye mfumo, ICE, yaani askari wa uhamiaji, nao wanaziona. Ndugu walichanga dhamana, wakaambiwa hata mkilipa hatoki leo, ICE wameomba ashikiliwe. Ombi lile huruhusu hadi saa 48 zaidi baada ya muda wako wa kutoka. Hakuna dirisha mle, nilikuwa nabashiri saa kwa sahani za chakula. Kila mlango ukilia nilijua ndio wamefika.

Hawakuja. Saa zikaisha, nikafunguliwa, nikapewa mfuko wenye kamba zangu za viatu. Mwanangu nilimkuta kwa yule mama, amemsuka mistari, anakula tortila na maharage kama yuko kwa bibi yake.

Nikahamia Maryland. Huko wanatoa leseni, ila walitaka niwe nimewasilisha kodi ya jimbo miaka miwili, basi nikaanza na namba ya ITIN, ile ya mlipa kodi. Ikatoka. Nilikaa nayo kwenye gari nikalia.

Chota Maji
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Mama Naomi
Mwanangu, Mungu alikutunza. Mimi niko Minnesota, sheria yetu ya leseni imeanza Oktoba 2023. Siku zile ofisi zilijaa watu waliokuwa wameendesha kwa woga miaka nenda rudi, wengine na wajukuu.

Raia Mwema
Pole, lakini tuseme ukweli. Alivunja sheria. Hata Bongo mgeni asiye na kibali anakamatwa. Viza ikiisha, rudi nyumbani.

Mkamba wa Wichita
Kwanza elewa sheria unayoitetea. Kupitiliza viza kwao ni kosa la kiuhamiaji, si la jinai. Pili, ukishapitiliza zaidi ya mwaka ukatoka, unafungiwa miaka 10. Mke wangu aliingia kwa viza ya utalii. Mama yake alizikwa Machakos, yeye akatazama kwenye simu ya binamu yake, mtandao unakatakata. Usimwambie mtu "rudi nyumbani" kama unamtuma dukani.

Raia Mwema
Sijamtukana mtu. Nasema alijua.

Baba Shufaa
Muacheni dada, tuendelee na mada. Mimi bado niko Texas. Watu wanadhani Texas ni mbaya tu na California ni nzuri tu. Texas ndiyo iliyotangulia wengine wote, mwaka 2001, kupitisha sheria ya kuwatoza watoto wasio na karatasi ada ya vyuo vya umma sawa na wenyeji wa jimbo. Binti yangu aliletwa mdogo, shule ya msingi hadi sekondari hakuna aliyeweza kumkataa kwa sababu ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Plyler v. Doe wa 1982, kesi iliyoanzia mji wa Tyler, hapahapa Texas. Yuko chuoni, Juni 2025 serikali kuu ikaishtaki Texas, na jimbo lenyewe likakubali sheria ifutwe siku ileile! Ada imeruka. Sasa hivi anafanya kazi mbili na anasoma nusu.

Mzawa wa Kurasini
Hii ndiyo hoja yangu. Na bado watu wanajaa Texas.

Kiboko ya Njia
Wanajaa kwa sababu kazi ziko huko. Ujenzi, mahoteli, mashamba. Hakuna anayehama na kitabu cha sheria mkononi, anafuata binamu aliyemwambia kuna kazi Jumatatu. Mimi nilimfuata kaka Florida. Mwaka 2023 wakapitisha sheria mpya: hospitali zinazopokea Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zinakuuliza hali yako ya uhamiaji, waajiri wenye watu 25 na zaidi lazima wahakiki kwa E-Verify, mfumo wa serikali wa kuangalia kama mtu ana ruhusa ya kazi, na leseni walizopewa wasio na karatasi majimbo mengine hawazitambui. Nimetoka na leseni ya Delaware, nimefika nayo huko haina kazi.

Mzee wa Lowell
Vijana, nawaachia haya. Ile fomu ya I-9 ya kazi, kisanduku cha kwanza kinasema wewe ni raia. Usikitie tiki hata njaa ikuue. Karatasi za ndoa zingekuokoa siku moja, ila kudai uraia wa uongo kunafunga mlango moja kwa moja. Na ofisi ya leseni wakikuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, kataa.

Kiboko ya Njia
Oa Mmarekani, kwisha habari.

Mama Naomi
Usimpotoshe mtu. Ndoa ya kununua wakiigundua hupati tena. Oa unayempenda, ukiwa na bahati awe na pasipoti ya bluu.

Mkamba wa Wichita
Na tunza I-94 yako, ile rekodi ya kuingia nchini. Aliyeingia kwa viza na kukaguliwa, akioa raia kwa dhati, anaweza kurekebisha hali yake ya uhamiaji akiwa humohumo ndani. Aliyevuka mpaka kichakani njia yake ni nyembamba mno.

Chota Maji
Dada Pili, yule mama wa Kimexico yuko wapi siku hizi?

Dada Pili
Palepale Georgia. Nampigia kila Krismasi, namwambia hamia Maryland, nina chumba. Anasema kazi yake, kanisa lake na wajukuu wote wako huko, hahami. Bado anaendesha.

Neema wa Worcester
Samahanini, natoka nje kidogo. Massachusetts leseni zimeanza Julai 2023, mimi nimechelewa tu kwa woga. Pasipoti yangu ya Tanzania imeisha muda. Watanipokea?

Mzee wa Lowell
Hapana binti, lazima iwe hai. Anza na ubalozi wetu Washington D.C., kisha upeleke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, wanataka nyaraka mbili. Cheti kama ni cha Kiswahili tupu, kitafsiriwe kabisa kabla hujapanga foleni.