Tupeane uzoefu: umebadili mchezo wa mapigano ila ukibanwa kwenye sparingi (pambano la mazoezi) mwili unarudi kule kule kwa zamani

#1
Wakuu habari zenu. Nimecheza karate ya Shotokan miaka 9 tangu mtoto, sasa hivi niko kwenye ngumi mwaka wa pili. Kwenye begi niko vizuri, kwenye pedi kocha ananisifia kabisa, gadi juu kidevu chini. Ngoja sasa tupigane kweli. Raundi ya kwanza bondia, raundi ya tatu pumzi imekata nishakula jebu mbili za pua, nashtukia mkono wa kushoto unapiga huku wa kulia umeshuka kiunoni!! Wa karate mnaijua hikite, ule mkono unaovutwa hadi kwenye nyonga mwenzie akienda mbele. Juzi nimepigwa ngumi ya pembeni, taya likalia, mkono uko kiunoni kama nimeshikilia suruali isidondoke. Kocha anapiga kelele mkono juu mkono juu, mi namsikia, mkono ndo haumsikii. Ni mimi tu?

#2
Afadhali wewe mkuu. Mimi nilitoka judo nikaenda jujitsu ya Kibrazili. Kule judo ukiangushwa na haijawa ippon (ushindi wa papo hapo) unageuka kifudifudi unajikunja kama kobe, ukitulia vizuri refa anasema matte, yaani acheni, mnasimama. Huku nani akuokoe? Jamaa anapanda mgongoni, anaingiza miguu, kabali, natepu (nagonga mkono kukubali kushindwa). Na nikiwa mzima nakumbuka, nikichoka tu huyo najikunja. Siku hizi wananiita Kobe.

#3
Taekwondo kwenda kickboxing hapa. Kule teke la kichwa pointi 3, ngumi ya kifuani 1, ngumi ya usoni marufuku, sasa mikono uiweke juu ya nini? Nimelipia hilo kwa pua.

#4
Mieleka. Naingia miguuni kichwa chini, nakutana na kabali ya mbele. Kila siku. Sina la kuongeza.

#5
Kwani lazima uzizike hizo tabia? Lyoto Machida si alienda UFC, kule kwenye mapigano mchanganyiko (MMA), na Shotokan yake hiyo hiyo akabeba mkanda 2009, ule umbali wake na kuingia ghafla watu walikuwa hawauelewi.

#1
@5 Machida alikuwa anaamua kaka. Mimi mkono unashuka bila kuniaga.

#6
Dada yenu nilitoka ngumi nikaingia Muay Thai (ngumi za Kithai, mateke na magoti ruksa), kosa langu kuinama kukwepa. Kwenye ngumi unainama ngumi inapita juu, safi, kule ukiinama unalifuata goti mwenyewe. Nikaambiwa na mguu wangu wa mbele umebeba uzito mno, mateke ya paja yote yangu. Kilichonisaidia, kocha alinikataza sparingi ya nguvu miezi miwili, ananichosha kwanza kwa kamba mpaka nahema ndo naingia, tunapigana taratibu sana na kazi yangu ni moja tu nisiiname, hata nisiporusha ngumi sawa. Sababu ukiwa freshi unafikiria, ukichoka unatoa kile ulichorudia mara nyingi zaidi, na miaka 9 sio mchezo, mdogo wangu. Halafu begi halirudishi, hapo kila mtu bingwa, usijipime nalo.

#2
Hiyo ya kuchoshwa kwanza naiiba. Sisi tunaanza nikiwa tayari nimejikunja na mtu yuko mgongoni, kazi ni kutoka. Mbaya ila inaingia taratibu.

#1
Mrejesho wakuu. Nimefanya ya dada hapo juu wiki tatu, kamba kwanza halafu raundi za polepole, kazi moja mkono wa kulia usitoke shavuni. Jana tumepiga raundi tatu za kweli na haukushuka hata mara moja, kocha kanikonyeza. Raundi ya mwisho nikabanwa kwenye kona, ngumi zinakuja tu, nikamchapa mwenzangu mae geri ya tumbo. Teke. Kwenye ngumi. Nimeshamuomba radhi, ila ulingo mzima ulicheka.