UDA ya zamani, daladala za matajiri au mwendokasi wa mkataba: ipi inamlinda dereva na abiria?

Suka wa Tandika
Wakuu, salaam. Juzi kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa: usafiri wa Dar urudi serikalini kama enzi za UDA, shirika la umma la mabasi ya mji, ubaki kwa watu binafsi, au uwe wa katikati kama mwendokasi, barabara ya serikali na mabasi ya mzabuni? Wote walitetea kwa nauli na foleni. Mimi nimeendesha daladala miaka 14, naomba tulinganishe kwa jicho la aliyeshika usukani.

Naamka saa tisa usiku. Saa kumi na nusu gari liko barabarani. Hesabu, yaani kiasi cha kila siku ninachompelekea tajiri mwenye gari, haijui mvua, haijui foleni ya Buguruni. Mafuta juu yetu, faini juu yetu, kinachobaki ndiyo riziki yangu na ya konda. Ikifika saa mbili usiku hesabu haijatimia, tunakomaa hadi saa tano. Mnatuona tunakatisha ruti, tunapita pembeni ya barabara, tunagombea abiria kituoni, mnasema tuna roho mbaya. Ni hesabu hiyo.

Kuna mwaka nilivunjika mkono nikifungua tairi gereji. Tajiri alikuja nyumbani na mfuko wa machungwa, akanipa pole, akaondoka na ufunguo wa gari. Jioni ileile deiwaka, dereva wa kibarua, alikuwa anapiga tripu zangu. Wiki sita nilikula kwa mke wangu, anauza vitumbua.

Aprili 10, 2015 tulipogoma, watu wanakumbuka mabomu ya machozi Ubungo na lile agizo la kurudi chuoni kila leseni inapoisha. Lakini kilio chetu kingine kilikuwa mkataba wa ajira. Mei 4 tukaegesha tena. Basi nauliza: katika mifumo hii mitatu, upi unamlipa dereva bila kumgeuza mwindaji?

Mzee wa Ikarusi
Mwanangu, pole kwa mkono. Mimi nilikuwa fundi UDA, nitasema niliyoyaona. Kabla yake kulikuwa na DMT, kampuni ya mabasi ya Waingereza, ikataifishwa 1970, na 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na mji, shirika jingine, KAMATA, likachukua mikoani. Dereva alikuwa na sare, kitambulisho na mshahara mwisho wa mwezi. Abiria wawe wanne au mia, mshahara ni uleule, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kukimbizana.

Sasa sikiliza upande wa pili. Baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni. Ikarus zile ndefu kutoka Hungary, zenye kiungo katikati, zilikuwa zinalala uani kwa kukosa kifaa ambacho ungekifunika kwa kiganja. Tulikuwa tunachinja basi moja tuponye mawili, mwezi unaofuata tunachinja jingine. Watu wanasubiri kituoni saa nzima. Ndiyo maana 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, nauli shilingi tano, ile sarafu tuliyoiita dala. Jina la daladala likatoka hapo. Msiilaumu daladala kwa kuzaliwa, ilikuja mji ukiwa umekwama.

Mama Wawili Yombo
Shikamoo mzee. Suka, kaka yangu, nimekuelewa, ila na mimi niseme langu. Mwanangu wa darasa la tano anasimama kituoni na mia mbili yake mkononi. Konda anaziba mlango kwa mguu, anasema "wanafunzi wawili tu". Mtoto anafika shule kipindi cha kwanza kimeisha. Kiti kile kile mtu mzima anakilipia zaidi ya mara mbili, na hesabu inamkaba konda. Nauli nafuu ya mwanafunzi imepangwa na serikali, lakini anayeibeba ni konda. Mfumo wowote mtakaochagua, pengo hilo lijazwe na aliyeipanga.

Kijana wa Kimara
Mimi kura yangu mwendokasi, kwa masharti. Ilipoanza Mei 2016 na mabasi 140, Kimara hadi Kivukoni, matawi ya Gerezani na Morocco, watu walionja kufika mjini bila kukaa Ubungo nusu asubuhi. Dereva hana hesabu ya kupeleka kwa mtu usiku. Shida ni kwamba ukimpa mzabuni mmoja njia nzima, akiyumba mnayumba wote, na anayekula kwenye nauli ataona faida kulijaza basi mpaka mlango ugome kufunga. Halafu kuna Jangwani, mvua zikikolea, njia inakatika. Hilo la bonde la Msimbazi halitibiki kwa kubadilisha mwenye mabasi.

Mbeba Boksi Manchester
Nipo Uingereza. Huku 1986 waliachia mabasi sokoni, kila kampuni ikachagua njia yake, isipokuwa London, ambako mji ulibaki kupanga njia na kuzitolea zabuni. Manchester na miji jirani wamechoka, kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025 wakarudisha mabasi yote chini ya mamlaka yao. Bado madereva wameajiriwa na kampuni binafsi, ila nauli na ratiba ni za mamlaka, kampuni inalipwa kwa kazi ya mkataba.

Karani wa Sheria
Suka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki kabla ya ziada, na inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi. Mgomo halali nao una taratibu, ikiwemo notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Mtu wa hesabu hiyo notisi anampa nani? Tajiri atasema amekukodisha gari tu. Ndipo mnapokwama.

Suka wa Tandika
Marahaba kwa wote, na mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili. Nabaki hapa: serikali ipange njia na nauli, imlipe mwenye gari kwa kilomita alizotembeza na si kwa vichwa, wazabuni wasipungue wawili kila njia, na zabuni isitolewe kwa asiyeonyesha mikataba ya madereva na makonda wake. Hapo mtoto wa Mama Wawili hatazibiwa mlango, maana konda hatapoteza kitu akimpakia. Nani amiliki basi, nitabishana baadaye.

Karani, una mfano wa hayo maelezo ya kazi ya maandishi? Nitumie PM. Jumapili napeleka hesabu kwa tajiri, nitampa na hiyo karatasi.