Picha za uwanja wa Entebbe, vita ya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, 1979: mliokuwepo na mliosimuliwa, tupeane uzoefu

Mtoto wa Kambini
Wadau habari zenu. Mzee wangu alifariki mwaka huu nikiwa kazini nje, nimewahi arobaini tu. Tulipofungua sanduku lake la bati tukakuta, chini ya koti la mvua, picha nne ndogo nyeusi na nyeupe. Moja yupo na wenzake wawili mbele ya mnara wa kuongozea ndege. Vioo vya juu vimevunjika, ukuta umetobolewa na risasi, na yeye amevaa mabuti ya mvua. Nyuma kaandika kwa penseli: "Entebe, Aprili 79. Mimi kushoto."

Hakuwahi kutusimulia. Ukimuuliza vita alijibu "tulitembea sana", basi, anaomba maji ya kunywa.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Mimi ni fundi wa jenereta, nilikuwa na mkataba kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa. Nililala Entebbe siku tano nikisubiri ndege ya kwenda Bunia. Kambi iko upande wa uwanja wa zamani, abiria wa kawaida wanatumia jengo jipya. Kila asubuhi nilikuwa natoka na kikombe cha chai, naangalia ndege nyeupe zinapakia mizigo ya Kongo, na ule mnara uko palepale. Nimekunywa chai chini ya mnara wa baba yangu bila kujua, na yeye alikuwa bado hai, ningempigia simu.

Mwenye kumbukumbu ya Entebbe au ya vita ile aweke hapa.

Mama wa Kirumba
Pole sana mwanangu. Umenirudisha mbali. Mwanza tulichimba handaki nyuma ya choo, mvua za Machi zikalijaza, vyura humo ndani. Usiku hakuna kuwasha taa, magari yamepakwa rangi kwenye taa za mbele. Ilipokuja ile ndege ya Libya kutupiga, mama alitusukuma shimoni wote watano, maji mpaka kiunoni, mdogo wangu wa mgongoni hakulia hata kidogo. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakulia. Mabomu yakakosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Leo Saanane ni Hifadhi ya Taifa, wajukuu zangu wanapelekwa na shule kutembea.

Jirani wa Hamugembe
Sisi wa Bukoba tulianza kuonja mapema zaidi, Oktoba 1978. Vioo vyote vya dukani kwetu vilimwagika chini. Watu walihama mji na magodoro kichwani.

Kaka wa Kisumu
Nyinyi mnahesabu kuanzia 1978. Sisi Wakenya hesabu yetu ya Entebbe inaanza 1976. Ndege za Israeli zilipotoka kuwachukua mateka wa ndege iliyotekwa usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, zilipita Nairobi kujaza mafuta. Amin akawageuzia kibao Wakenya waliokuwa Uganda, wakauawa mamia. Baba yangu alikuwa karani Jinja. Alivuka Busia usiku na viatu mkononi, mshahara wa miezi miwili akauacha. Rafiki yake wa chumba kimoja alisema atafuata kesho yake. Hakuonekana tena.

Chuma cha Pua
Kaka, pole, lakini mada ni 1979. Fungua uzi wako.

Kaka wa Kisumu
Mnara ni ule ule, uwanja ni ule ule. Hayo matundu kwenye picha ya ndugu yetu unajuaje ni ya mwaka gani? Nifungue uzi mwingine kwa nini?

Mtoto wa Kambini
Jamani msigombane, wote karibuni. Hata mimi nilijiuliza kuhusu hayo matundu.

Mstaafu 208
Mwanangu, baba yako alikuwa mwenzangu hata kama sikumjua kwa sura. Mabuti ya mvua ni sababu ya kinamasi cha Lukaya, mimi yangu yalinichubua mpaka kisigino kikawa nyama. Entebbe tuliingia tarehe 7 Aprili, Brigedi ya 208 chini ya Brigedia Mwita Marwa, mizinga ikipiga kutoka Mpigi. Kampala ikafuata siku chache baadaye. Kuna vijana wanasema Kampala ilianza, si kweli. Ndege kubwa ya Libya ilijaribu kuruka na watu wao, ikapigwa na roketi ya begani kabla haijafika popote. Niliiona inavyoungua. Aliposema "tulitembea sana" alikuwa amesema yote. Kutoka Kyaka mpaka kule ni miguu.

Mjukuu wa Jjajja
Samahani ndugu zangu, nilikuwa nasoma tu. Mimi ni mzaliwa wa Entebbe, nimeolewa Mwanza miaka mingi. Mwenye uzi, naomba uangalie vizuri nyuma ya picha kama ina mhuri.

Taata wangu, yaani baba, alikuwa na studio ndogo ya picha pale mjini. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Siku mbili tulilala chini ya kitanda, godoro limewekwa juu yetu, Saba Saba zinapita. Ndivyo tulivyoziita zile roketi zenu. Kisha kimya. Kisha tukasikia watu nje wanaongea Kiswahili, na hapo ndipo Mama alipoanza kulia, kwa sababu kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizini, ya "toka nje", ya "leta kitambulisho". Mlango ukafunguliwa, askari akamwona Jjajja, bibi yangu, amekaa sakafuni, akavua kofia, akasema, "Shikamoo mama." Jjajja hakujua anatakiwa kuitikia nini. Hakuna mwenye bunduki aliyewahi kumwamkia. Alibaki anamwangalia tu mdomo wazi.

Wiki ile bakombozi, ndivyo tulivyowaita askari wenu, walimjaa Taata. Kila mmoja anataka picha ya kupeleka nyumbani, na si ya studio, wanataka uwanjani, kwenye mnara, kwenye mabaki ya ndege. Umeme hakuna. Alisafisha picha usiku kwa betri ya gari na tochi aliyoifunga kitambaa chekundu, mimi nikiwa nashika tochi. Walilipa sigara, makopo ya nyama. Mmoja hakuwa na kitu, akaacha saa yake ya mkononi kama rehani, na hakurudi kuichukua. Mama aliijaza ufunguo kila asubuhi mpaka alipokufa.

Halafu siku moja walikuja na Land Rover wakamwambia Taata chukua kamera. Hawakumfokea. Walimpeleka barabarani kupiga picha maiti kabla hazijazikwa, vijana wa Kiarabu walioletwa kumsaidia Amin. Filamu ilikuwa imebaki nafasi kumi na moja. Alizimaliza zote. Aliporudi alinawa kwenye beseni la dawa za picha badala ya maji, mikono ikababuka. Alimwambia Mama kitu kimoja tu, kwamba mmoja alikuwa na soksi za shule.

Filamu ile hakuisafisha. Aliifunga kwenye kikopo chake, akaitia kwenye bati la biskuti. Baadaye watu wenye bunduki, sijui wa upande gani, walibeba kamera na mashine zote, bati wakaliacha. Taata hakushika kamera tena, aliuza mkaa. Filamu ninayo mimi, hapa Mwanza, kabatini. Haijawahi kufunguliwa.

Chuma cha Pua
"Watu wenye bunduki" maana yake unataka kusema wanajeshi wetu waliiba? Tuliwakomboa kwa damu yetu, nchi ikafunga mkanda miezi kumi na minane, sabuni hakuna, leo tunaitwa wezi.

Mstaafu 208
Chuma, tulia. Dada amesema hajui ni nani, na ana haki ya kusema kilichotokea nyumbani kwao. Mimi nilikuwepo. Wapo walioamkia wazee na wapo waliorudi na redio za watu. Mimi mwenyewe sikurudi na kitu, na simsemei mwingine.

Chuma cha Pua
Kaka yangu amelala Kaboya, makaburi ya mashujaa. Ndiyo maana naumia.

Mjukuu wa Jjajja
Pole kaka yangu. Sikuwa na nia ya kumgusa yeye.

Bint Pangani
Hiyo filamu dada!! Isafishe, ni historia ya nchi mbili.

Jirani wa Hamugembe
Usiisafishe. Baba yako aliamua. Wale vijana wana ndugu zao.

Kaka wa Kisumu
Ndugu zao ndio wenye haki ya kuwaona. Rafiki ya baba yangu hana hata picha. Ningepewa moja, hata ya namna hiyo, ningeichukua.

Fundi Picha Makoroboi
Nimefanya kazi ya picha miaka thelathini. Filamu nyeusi na nyeupe iliyokaa muda huo bado inaweza kutoa kitu, hafifu, yenye ukungu, lakini kitu. Usiipeleke kwa kijana wa mtaani, jaribio ni moja tu. Na wewe mwenye picha nne, usizipige laminesheni, gundi na joto vinaua picha. Bahasha ya karatasi, mahali pakavu.

Bint Pangani
Ya bibi yangu nilipiga laminesheni na ipo safi.

Fundi Picha Makoroboi
Subiri miaka kumi utaniambia.

Mama wa Kirumba
Mpe nakala Makumbusho, ya asili ubaki nayo. Mimi niliazima picha ya harusi ya wazazi wangu kwa ofisi moja, ikapotea, na hakuna aliyejua nimempa nani.

Mtoto wa Kambini
Nimeshindwa kujibu tangu jana. Dada, mhuri upo. Wa zambarau, umefifia, nasoma "DIO" na nusu ya herufi kabla yake. Studio zote zinaishia na DIO, najua. Lakini kwenye ukingo wa picha, chini kulia, kuna alama ya kidole kilichobonyeza karatasi ikiwa bado mbichi, kidogo sana, si cha mtu mzima.

Na mzee wangu hakuwa na saa ya mkononi. Maisha yake yote aliuliza watu saa ngapi.

Niko Shinyanga. Jumamosi nikija na picha utanipokea?

Mjukuu wa Jjajja
Njoo. Saa iko ndani ya bati lile lile pamoja na filamu, ilisimama zamani. Ukija tutalifungua wote.

Fundi Picha Makoroboi
Bati fungueni, kikopo cha filamu msikiguse. Hata mwanga wa simu unatosha kuiunguza.